Ukakasi wa Chai na Damu ya Mama Mjamzito

Mwezi uliopita, katika duka moja la dawa za asili lililo jirani na soko la Mwanga hapa Kigoma, nilisimama kwa muda mrefu mbele ya chupa ya vidonge vilivyoandikwa kwamba vimetokana na dondoo la chai ya kijani. Muuzaji, kijana mpole aliyeniamkia shikamoo kabla hajaniuliza haja yangu, alinieleza kwamba ndani ya vidonge hivyo mna kiini kiitwacho EGCG, na kwamba kiini hicho hupunguza uzito, husafisha ini, hukinga saratani na huongeza damu. Mambo matatu ya kwanza nitayagusa baadaye. Hilo la nne, la kuongeza damu, ndilo lililonifanya nikae na kuandika, kwa kuwa ukweli uko upande wa pili kabisa, na katika mkoa kama wetu kosa hilo linaweza kumgharimu mtu afya yake.

EGCG ni kifupi cha epigalokatekini galeti. Ni mojawapo ya kemikali za jamii ya polifenoli, na ndani ya jamii hiyo ni ya ukoo wa katekini, ambazo katika majani mabichi ya mchai ni nyingi mno, kiasi kwamba polifenoli zote zikijumlishwa zinaweza kufikia robo ya uzito wa jani lililokaushwa. Mmea huzitengeneza kwa faida yake wenyewe, hasa kujikinga na wadudu na jua kali. Katekini ilitengwa kwa mara ya kwanza kutoka katika chai ya kijani mwaka 1929 na mwanasayansi wa Kijapani, Bi. Michiyo Tsujimura, ambaye mwaka 1932 alikuwa mwanamke wa kwanza nchini mwake kupata shahada ya udaktari katika kilimo. Jina lenyewe la katekini halipaswi kuwa geni katika sikio la Mswahili, kwa kuwa limetokana na kile tunachokiita katu, dondoo kavu la mti ambalo wala tambuu huliweka pamoja na popoo na chokaa. Aliyewahi kuonja katu anakumbuka jinsi ulimi unavyokauka na kukunjamana. Huo ndio ukakasi, na ukakasi ndio mlango wa kuielewa kemikali hii.

Ukakasi si ladha kama uchungu au utamu. Ni hisia inayotokea pale polifenoli zinapozishika protini za mate na kuzigandisha, mate yakapoteza utelezi wake, na mdomo ukahisi kana kwamba umepigwa msasa. Jambo hilo hilo, likifanyika kwenye ngozi ya mnyama badala ya mate, ndilo linaloizuia ngozi isioze na kuigeuza kuwa ngozi ya viatu. Lugha yetu iliuona uhusiano huo zamani: chai isiyotiwa maziwa tunaiita chai ya rangi, lakini wapo wanaoiita mkandaa, na mkandaa ni aina ya mkoko ambao gome lake lilitumika kutia rangi na kutengenezea ngozi. Tanini za gome lile, yaani kemikali zake zinazoleta ukakasi, zimejengwa kwa vipande vya ukoo ule ule wa katekini. Waliokipa kikombe cha chai jina la mti wa pwani hawakuwa na maabara, walikuwa na macho na ulimi, na hawakukosea.

Kwa hiyo, anayetaka kujua EGCG hufanya nini mwilini na aanze na tabia yake moja kuu, nayo ni kushika. Hushika protini, na hushika madini, hasa chuma. Molekuli moja ya EGCG ina vikundi vinane vya haidroksili, ambavyo ndivyo vishikio vyake, na kwenye pete zake mbili vikundi hivyo vimepangana vitatu vitatu, mpangilio ambao chembe ya chuma hunasa ndani yake kwa urahisi. Hili huonekana jikoni bila darubini. Ukimenya ndizi mbichi kwa kisu cha chuma cha kawaida, ubapa wa kisu hugeuka mweusi, kwa sababu tanini za utomvu wa ndizi zimekamata chuma na kufanya nacho kitu cheusi kisichoyeyuka upesi. Kwa karne nyingi watu walitengeneza wino kwa njia hiyo hiyo.

Sasa badala ya kisu weka sahani ya maharage. Chuma kilichomo katika maharage, mchicha, matembele na sombe ni chuma cha mimea, ambacho hata katika hali njema utumbo hufyonza sehemu ndogo tu ya kiasi kilichoko kwenye chakula. Chai inapofika tumboni pamoja na chakula hicho, polifenoli hukishika chuma kabla utumbo haujakipokea, na kile kilichoshikwa hutoka na choo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, watu wazima waliokula mkate pamoja na kikombe cha chai nyeusi walifyonza chuma pungufu kwa asilimia 79 hadi 94 kuliko walipokula mkate huo huo kwa maji. Huko Bangalore nchini India, mwaka 2008, kikombe kimoja cha chai pamoja na mlo kiliwapunguzia wanawake vijana ufyonzaji wa chuma kwa karibu nusu, na vikombe viwili vikaupunguza kwa takriban theluthi mbili. Wanawake waliokuwa tayari na upungufu wa damu hawakusalimika na athari hiyo.

Hapa msomaji makini atauliza swali la haki: chai yetu si ya kijani, ni nyeusi, je, EGCG imo? Imo kidogo. Majani yanayotoka Mufindi, Njombe, Rungwe au Lushoto hunyaushwa, kisha hupitishwa kwenye mashine zinazoyakata, kuyachana na kuyakunja, na katika kuvunjwa huko kimeng'enya kilichomo ndani ya jani hukutana na katekini pamoja na hewa, kikazigeuza kuwa theaflavini na thearubijini, ambazo ndizo zinazoipa chai wekundu na ukali wake. Katika chai ya kijani jani huchomwa kwa mvuke au kukaangwa mapema ili kimeng'enya kife na katekini zibaki kama zilivyo. Lakini mabadiliko hayo ya kiwandani hayaondoi vishikio, bali huviunganisha katika molekuli kubwa zaidi, na ndiyo maana utafiti ule wa 1999 ulifanyika kwa chai nyeusi na ukapata matokeo makali kiasi kile. Maziwa nayo hayaokoi, kwa kuwa watafiti wale wale waliyajaribu na kuona kwamba hayabadilishi mambo kwa kiasi cha maana. Anayefikiri kwamba chai ya maziwa iko salama kwa upande huu anajifariji bure.

Kwa nini nalitia uzito jambo hili hapa Kigoma? Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu, na kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 kiwango kilikuwa asilimia 58. Upungufu huo una sababu nyingi, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani kwamba nimeibebesha chai mzigo wote. Malaria huharibu chembe nyekundu za damu, na utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza nchini kwa maambukizi ya watoto, takriban mtoto 1 kati ya 4. Minyoo hunyonya damu. Uzazi wa karibukaribu humaliza akiba ya mama. Lakini mtu ambaye damu yake inavuja kwa njia tatu hana nafasi ya kuzuiwa kile kidogo anachokula, na kati ya njia zote za kumsaidia, kuibadili saa ya chai ndiyo isiyohitaji bajeti, gari wala mfadhili.

Ndani ya mkoa wetu wenyewe hali si moja. Mkazi wa Ujiji, Kibirizi au Katonga, ambaye hula dagaa na migebuka mara nyingi, ana kinga fulani, kwa kuwa sehemu ya chuma cha samaki na nyama huja imefungwa ndani ya hemu, kiini chekundu cha damu na nyama, umbo ambalo polifenoli hazilishiki kwa urahisi, na isitoshe nyama ya samaki husaidia hata chuma cha mboga iliyo kwenye sahani hiyo kufyonzwa. Upande wa juu, kuanzia Kasulu hadi Kibondo na Kakonko, samaki ni wa kununua na maharage ni ya shambani. Maharage ni chakula kizuri, nami nimelelewa nayo, ila yana polifenoli zake na fitati, kemikali nyingine ya mbegu, ambazo tayari hukibana chuma kabla hata chai haijamiminwa. Kwa familia ya huko inayokula ugali wa muhogo na maharage mchana, kisha ikashushia chai ya rangi, hasara ni kubwa kuliko kwa familia ya mvuvi anayekunywa chai ile ile.

Linaloniumiza zaidi ni vidonge vya kuongeza damu. Kina mama wajawazito hupewa kiliniki vidonge vya madini ya chuma na foliki, vile wanavyoviita fefo. Jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa na mimba ya miezi sita, alinionyesha pakiti yake akalalamika kwamba anameza bila kukosa na bado kipimo cha damu hakipandi. Nilimuuliza anameza saa ngapi. Akajibu, “Asubuhi, kaka, na chai ya rangi. Bila chai hakishuki, natapika.” Mama huyu hakuwa mzembe. Alikuwa anatimiza alichoambiwa kwa uaminifu mkubwa, na hakuna aliyemwambia kwamba kinywaji kilichokuwa kikimsaidia kumeza kilikuwa pia kikikishika kile alichomeza. Sijui ni wangapi wengine wako hivyo, lakini tangu siku ile nimewauliza wajawazito kadhaa swali hilo hilo, na zaidi ya mmoja wamenijibu kwa chai.

Kwa watoto wadogo nina msimamo mkali zaidi. Ni jambo la kawaida katika nyumba nyingi kumpa mtoto aliyeanza kula, hata wa mwaka mmoja, kikombe kidogo cha chai ya rangi yenye sukari na kipande cha andazi, naye akashiba na kulala. Tumbo la mtoto wa umri huo ni dogo kama ngumi yake, na kila kijiko cha chai kinachoingia kimechukua nafasi ya uji, maziwa au supu ya dagaa, kisha kinakishika hata kile chuma kidogo alichokula kabla. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu chakula cha nyongeza cha watoto unashauri waepushwe na vinywaji visivyo na lishe kama chai na kahawa. Ningependa ushauri huo usemwe kwa sauti kubwa zaidi katika siku za kupima uzito, na usemwe kwa Kiha pale ambapo Kiha ndicho kinachosikika vizuri.

Sasa nirudi kwenye ile chupa. Wanaoiuza EGCG hawajaitunga kutoka hewani, na ingekuwa dhuluma kuandika kana kwamba kiini hiki hakina thamani. Mwaka 2006 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha marhamu iliyotengenezwa kwa katekini za chai ya kijani kwa ajili ya chunjua za sehemu za siri, na ilikuwa dawa ya kwanza ya mimea kuidhinishwa chini ya utaratibu wake mpya wa wakati huo. Mwaka huo huo wa 2006 yalitolewa matokeo ya kuwafuatilia watu wazima 40,530 katika mkoa wa Miyagi nchini Japani kwa hadi miaka 11 (saba kwa upande wa sababu za vifo), yakionyesha kwamba waliokunywa vikombe vitano au zaidi vya chai ya kijani kwa siku walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa kwa kiwango cha chini kuliko wasiofikia kikombe kimoja. Kwa saratani, hata hivyo, tofauti haikuonekana. Na huo ulikuwa ufuatiliaji wa watu katika maisha yao ya kawaida, si jaribio la kuwapangia nani anywe na nani asinywe, kwa hiyo hauwezi peke yake kuthibitisha kwamba chai ndiyo iliyowalinda.

Ahadi za saratani nyingi hutoka kwenye vyombo vya kioo vya maabara, ambamo seli humiminiwa EGCG kwa wingi ambao damu ya mnywaji wa chai haiufikii. Sehemu ndogo mno ya kile tunachomeza huingia kwenye damu. Nyingi huharibika utumboni, hubadilishwa na bakteria wa utumbo, au hutolewa. Kuhusu uzito, mapitio ya majaribio mengi yaliyochapishwa na Cochrane, shirika la kimataifa la kupitia tafiti za tiba, mwaka 2012 yalikuta kwamba maandalizi ya chai ya kijani huwapunguzia watu wanene uzito mdogo sana usio na maana kitabibu.

Kuhusu ini, mambo ni mazito zaidi. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilipitia ushahidi uliokuwapo na kueleza kwamba mnywaji wa kawaida wa chai ya kijani hupata wastani wa miligramu 90 hadi 300 za EGCG kwa siku, kiasi ambacho kwa ujumla hakitiliwi shaka, ilhali vidonge vinavyompa mtu miligramu 800 au zaidi kwa siku vilihusishwa na kupanda kwa vimeng'enya vya ini katika damu, dalili ya kwamba ini linaumia. Mwaka 2022 Umoja huo uliweka sheria kwamba bidhaa isimpe mtu miligramu 800 au zaidi kwa siku, na lebo zibebe onyo, likiwamo la wajawazito na wanyonyeshao kutovitumia. Kwenye chupa niliyoishika Mwanga hapakuwa na kiasi cha EGCG kilichoandikwa wala onyo lolote. Kumuuzia mtu kitu kama hicho kwa jina la kusafisha ini ni jambo ambalo wakaguzi wa dawa wanapaswa kulishughulikia, na nalisema bila kumung'unya maneno.

Kuna jambo dogo kuhusu maji yetu ambalo sijaona likitajwa, nami sitalipita. Maji tunayoyatumia hapa mjini mengi hutoka ziwani, na Ziwa Tanganyika lina maji ya magadi kiasi, yenye pH inayokaribia 9. EGCG hudumu vizuri katika maji yenye asidi kidogo, na katika maji ya namna ya ziwa letu huoksidika na kuvunjika upesi. Chai hapa hupiga weusi haraka, na ukikamulia limau inang'aa palepale, kwa sababu asidi imebadili umbo la zile kemikali zenye rangi. Anayenunua chai ya kijani kwa bei kubwa kwa ajili ya EGCG, kisha akaichemsha kwa muda mrefu katika maji haya, amelipia kitu ambacho sehemu yake imeharibika kabla hajainua kikombe.

Simwambii mtu yeyote aache chai. Mgeni akifika kwetu na asipewe kikombe, tumemvunjia heshima. Na mwanamume mzima mwenye damu ya kutosha, anayekula samaki, hana sababu ya kuogopa. Ninachokitaka ni saa. Watafiti nchini Uingereza mwaka 2017 waliwapa wanawake wenye afya mlo wenye chuma, mara nyingine pamoja na chai na mara nyingine chai ikasubirishwa saa moja, na kusubiri huko peke yake kulipunguza madhara ya chai kwa takriban nusu. Kwa mjamzito, mama anayenyonyesha, msichana aliyevunja ungo na mtu aliyetoka kuugua malaria, chai na ikae mbali na mlo wenye maharage na mboga, na ikae mbali zaidi na kidonge cha chuma. Mahali pake kwenye sahani pachukuliwe na embe, pera au chungwa, kwa kuwa vitamini C hufanya kazi iliyo kinyume cha polifenoli: hukiweka chuma katika hali ambayo utumbo unaipokea. Kadi ya kiliniki ina nafasi ya kutosha kwa sentensi moja ya aina hiyo, na muuguzi anayeitamka wakati anakabidhi pakiti atatumia nusu dakika.

Jirani yangu alianza kwa shida. Siku ya kwanza alimeza kidonge kwa maji asubuhi kabla ya kula, akatapika, akaniletea lawama ambazo nilistahili, kwa kuwa sikufikiria kichefuchefu chake. Tulirudi pamoja naye kwa mkunga, ambaye alimwelekeza ameze usiku anapokwenda kulala, baada ya kula kidogo, kwa maji na kipande cha chungwa, na chai yake aihamishie saa kumi alasiri, wakati watoto wametoka shule na tumbo halina mlo. Huko saa kumi anainywa ikiwa na tangawizi nyingi, na ameniambia kwamba sasa ndiyo anaisikia ladha yake, kwa sababu haiharakishi.